Hodi Ndani ya Kompyuta (3): Bawabu Anapokaguliwa

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi vifaa vya kompyuta vinavyobisha hodi. Kibodi ikibonyezwa, kadi ya mtandao ikipokea ujumbe, saa ya ndani ikitimiza muda wake, kila kimoja huipelekea prosesa ishara kuwa kina neno. Wataalamu huiita ishara hiyo katizo, kwa kuwa hukatiza kazi iliyokuwa ikiendelea. Mimi nilianza na hodi na nitamaliza na hodi. Tuliona pia kuwa vifaa haviendi kwa prosesa moja kwa moja. Mlangoni yupo bawabu, yaani kidhibiti cha makatizo, anayepokea hodi zote, akazipanga kwa uzito wake, kisha akazipitisha moja moja.

Leo namleta mtu asiyetajwa sana: mhakiki, yule anayesoma programu ya kumwongoza bawabu huyo kabla haijaruhusiwa kuingia katika kiini cha mfumo endeshi. Programu hiyo huitwa kiendeshi. Aghalabu ni fupi, mistari mia tatu au mia tano hivi. Mwandishi wake ameijaribu mezani. Kompyuta imewaka, kibodi inaandika, mtandao unapita. Anauleta msimbo wake akiwa na uhakika kuwa kazi imekwisha. Mhakiki anausoma, anaurudisha. Unaletwa tena, anaurudisha tena. Mara ya tano mwandishi ananuna: jamani, si inafanya kazi?

Inafanya kazi, hakuna anayekataa. Shida ni kwamba kiendeshi cha bawabu kikikosea hakipigi kelele. Kosa la programu ya hesabu utaliona kwenye jumla. Kosa la bawabu ni hodi moja iliyopotea saa tisa za usiku kati ya mamilioni yaliyopokelewa vizuri, na asubuhi mtu anakuta mashine imetulia tuli, taa zinawaka, hakuna kinachoitika. Ataizima, ataiwasha, itarudi katika hali yake, naye atasema umeme ndio uliochezacheza.

Hofu hii ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya taaluma hii, alikuwa akiwaandikia programu wenzake Bram Loopstra na Carel Scholten waliobuni kompyuta ya X1. Wakamletea wazo la mashine inayoweza kukatizwa wakati wowote. Aliogopa, na kwa miezi kadhaa akasitasita. Aliona mapema kwamba mashine ya namna hiyo italeta makosa yasiyorudiwa: ukiendesha programu ileile kwa data ileile, leo inaanguka, kesho inapita. Utalitafutaje kosa linalokukimbia? Mwishowe alikubali, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilihusu programu ya kuzipokea hodi za mashine hiyohiyo. Kila mhakiki wa leo amerithi hofu ile, na akiwa hana, kazi hii haimfai.

Nitachukua kiini cha Linux kuwa mfano wetu, kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma, na kwa kuwa ndicho kilichomo ndani ya simu za Android zilizo mifukoni mwetu.

Swali la kwanza la mhakiki ni hili: wageni wa bawabu huyu hubisha namna gani? Wapo wa aina mbili. Wa kwanza ni yule mwenye adabu za pwani. Anapiga hodi, asipoitikiwa anashika njia yake. Kwa lugha ya chipu, waya umepanda kutoka chini kwenda juu, na tukio ni kule kupanda kwenyewe; usipoliona limepita. Wa pili amebonyeza kengele na kidole hakiondoi mpaka ahudumiwe. Waya uko juu na utabaki juu hadi kifaa kipewe kilichokuja kukitaka.

Utaratibu wa kuwapokea hawa wawili haufanani. Mgeni wa adabu lazima umwitikie kwanza, ndipo umhudumie. Ukimhudumia kwanza na kufuta alama yake mwishoni, na katikati hapo akawa amebisha mara ya pili, utafuta hodi mbili ukidhani umefuta moja. Wa kengele ni kinyume. Ukimwitikia kabla hujamhudumia, kidole bado kiko palepale, naye bawabu atakuita tena, na tena, na tena, hata usipate nafasi ya kufanya hilo analoliomba. Kwa hiyo unaufunga mlango wake kwanza, unamhudumia, ndipo unaufungua.

Zamani kila mwandishi wa kiendeshi alijipangia taratibu hizi, na kila mmoja alikosea kivyake. Mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, Thomas Gleixner na Ingo Molnar waliingiza mpangilio mmoja wa pamoja. Taratibu zikaandikwa mara moja ndani ya kiini; kiendeshi kikabakiwa na vitendo vidogovidogo: funga mlango huu, fungua huu, itikia, maliza. Mwandishi huchagua tu mlango upi ufuate utaratibu upi. Ndiyo maana mhakiki hukimbilia kwanza mahali hapo pa kuchagua. Kosa analolikuta mara nyingi ni la ukarimu. Mtu anaomba mlango wa hodi ya adabu katika chipu inayojua kengele peke yake, na kiendeshi kinajibu: sawa, nimekubali. Hakijabadilisha chochote kwenye chipu, kimesema sawa tu. Kingesema hapana, mwombaji angejua siku hiyohiyo.

Sasa tusogee karibu, tutazame rejista moja, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu.

Rejista ya hali ni kama safu ya taa thelathini na mbili, kila taa na mlango wake. Taa ya mlango 0 ina thamani ya 1, ya mlango 1 ina 2, ya mlango 2 ina 4, ya mlango 3 ina 8, ya mlango 4 ina 16, na kuendelea hivyo kwa kuongezeka maradufu. Tuseme wamebisha wageni wa mlango 1 na mlango 4. Rejista itasomeka 18. Kiendeshi kinataka kumwitikia wa mlango 1 pekee. Hapa chipu nyingi zina kanuni inayowashangaza wanaoanza: taa haizimwi kwa kuandika sifuri, huzimwa kwa kuandika moja mahali pake. Aliyeibuni alikuwa na akili, kwani kwa njia hiyo unazima taa moja bila kuzigusa nyingine. Andika 2, ya mlango 1 inazimika, ya mlango 4 inaendelea kuwaka.

Lakini mwandishi aliyezoea rejista za kawaida mkono wake unaandika kwa mazoea: soma rejista, ongeza biti, yaani taa, unayoitaka, irudishe. Anasoma 18. Anaiongeza biti ya 2, ambayo tayari imo, kwa hiyo inabaki 18. Anairudisha 18. Taa zote mbili zinazimika. Mgeni wa mlango 4, kama ni yule wa adabu, amekwisha kuondoka na hakuna atakayejua kuwa alifika. Kosa zima limekaa katika mstari mmoja wa msimbo, na mstari wenyewe ukiutazama hauna aibu yoyote. Mezani halionekani, kwa sababu mezani wageni huja mmoja mmoja. Huonekana siku kifaa kimefungwa kwa mteja, mtandao umepamba moto na mtu anachapa huku.

Mhakiki hulikamata vipi? Hana ujanja wowote ila kuweka kitabu cha chipu upande wa kushoto na msimbo upande wa kulia, akakagua rejista moja baada ya nyingine: hii husomwa na kuandikwa, hii huandikwa tu, hii huzimwa kwa moja, hii kule kuisoma tu kunaifuta. Ni kazi ya kuchosha kama kuhesabu punje za mchele. Nimewahi kukaa na kurasa kumi na mbili za kitabu cha namna hiyo kuanzia baada ya alasiri hadi magharibi, na kilichopatikana kilikuwa alama moja ya wima iliyozidi, ile ya kuongeza biti.

Rejista ya ruhusa ina mtego wake. Hiyo ndiyo inayosema milango ipi iko wazi. Tuseme inasoma 3, yaani milango 0 na 1 iko wazi. Prosesa mbili zinakuja kwa wakati mmoja. Ya kwanza inataka kufungua mlango 2, ya pili mlango 5. Ya kwanza inasoma 3, ya pili nayo inasoma 3. Ya kwanza inaandika 7. Ya pili, ikiwa haina habari, inaandika 35. Jibu sahihi lilikuwa 39. Mlango 2 umefungwa tena, na prosesa iliyoufungua inaamini uko wazi. Baadhi ya chipu huepusha balaa hili kwa umbile. GIC, bawabu wa chipu za ARM, ana rejista moja ya kufungulia na nyingine ya kufungia, kwa hiyo hakuna haja ya kusoma kwanza. Kwa bawabu asiye na neema hiyo, kiendeshi lazima kiweke kufuli: prosesa moja ikiwa ndani, nyingine isubiri nje.

Kufuli za aina hii ziko za namna mbili katika Linux, na kwa muda mrefu tofauti yao haikumhusu mtu wa kawaida. Katika kiini kilichotengenezwa kwa kazi za wakati halisi, kama kuongoza mashine za kiwandani, kufuli ya kawaida humruhusu anayesubiri kulala. Msimbo wa bawabu hukimbia mahali ambapo kulala ni marufuku. Bawabu akilala mlangoni nyumba nzima imekwama. Kwa hiyo kiendeshi hiki kinadai kufuli ghafi, isiyolaza mtu. Marekebisho ya wakati halisi yalikaa nje ya kiini rasmi kwa takriban miaka 20, na yalikamilika kuingizwa katika toleo la 6.12, mwishoni mwa 2024. Kiendeshi chenye kufuli isiyofaa kingeweza kufanya kazi miaka yote hiyo katika mashine za kawaida bila kuumbuka. Mhakiki makini alikuwa akiikataa kufuli hiyo hata wakati ule, na wapo waliomwona mkorofi.

Kisa ninachopenda kukisimulia kuliko vyote ni cha bawabu wa chipu za RISC-V, aitwaye PLIC. RISC-V ni usanifu wa prosesa ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, na mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipia kibali. Utaratibu wa PLIC ni mzuri kwa usahili wake. Prosesa inapoitwa, inasoma rejista moja na kupewa namba ya mgeni. Kama hayupo inapewa 0. Ikimaliza kumhudumia, inaiandika namba ileile palepale, kumwambia bawabu kuwa huyu ametoka. Mpaka namba irudishwe, bawabu hapitishi hodi nyingine ya mlango huo, kwa kuwa kwake yeye mgeni bado yumo ndani.

Ndani ya kitabu cha PLIC mna sentensi moja ambayo ni rahisi kuiruka. Inasema kwamba ikiwa namba iliyorudishwa ni ya mlango ambao kwa wakati huo umefungwa kwa prosesa hiyo, kule kuandika hupuuzwa, kimyakimya, bila taarifa ya kosa.

Upande wa pili iko Linux na desturi zake. Kazi ya vifaa vingine ni ndefu, haifai kufanywa mlangoni. Basi kiini huigawa. Sehemu ya kwanza inapokea hodi, inafunga mlango, inamkabidhi kazi mtumishi wa ndani, kisha inamwambia bawabu imemaliza. Mtumishi anafanya kazi yake kwa nafasi, na akimaliza anaufungua mlango. Ni desturi nzuri, imejaribiwa kwa bawabu wa kila aina.

Ziweke hizo mbili pamoja, polepole. Hodi imepokelewa. Mlango umefungwa. Namba inarudishwa kwa PLIC, na kwa kuwa mlango umefungwa, anaipuuza. Mtumishi anamaliza, anafungua mlango. Mlango uko wazi sasa, ila bawabu bado anaamini mgeni wa kwanza yumo ndani. Hodi ya kwanza ilihudumiwa vizuri kabisa. Ya pili haikufika kamwe.

Kiendeshi cha PLIC kiliingia katika Linux mwaka 2018. Marekebisho ya tatizo hili yalikuja mwaka 2021, nayo ni mistari michache mno: wakati wa kumaliza, tazama kama mlango umefungwa; kama umefungwa, ufungue, andika namba, uufunge tena. Waliokosea ni nani? Kitabu cha chipu kilisema kweli. Utaratibu wa kiini ulikuwa sahihi. Kiendeshi kilifanya kila kilichoagizwa. Kosa lilikaa katika pengo kati ya vitabu viwili, na anayelipwa kulitazama pengo hilo, kama analipwa, ni mhakiki. Mimi nimekisoma kisa hiki mara nyingi na sijioni kuwa ningelikamata kosa hilo mwaka 2018.

Yako mengine anayoyapitia kwa haraka zaidi: kama kumbukumbu iliyokopwa inarudishwa pale kiendeshi kinaposhindwa kuanza, kama majina katika jedwali la vifaa yanalingana na yaliyomo kwenye msimbo, kama bawabu mdogo aliye chini ya bawabu mkubwa anamwarifu mkubwa wake anapoanza na anapomaliza. Hayo hata programu za ukaguzi huweza kuyaona baadhi yake.

Wanachosahau wengi ni hodi hewa, yaani hodi isiyo na mgeni. Kompyuta ya IBM PC ya 1981 ilikuwa na bawabu mmoja, Intel 8259A, mwenye milango 8. Mwaka 1984 ile ya PC/AT ikaongeza wa pili aliyefungwa kwenye mlango 2 wa wa kwanza, milango inayotumika ikawa 15. Wenye umri wangu wanakumbuka tulivyokuwa tukihamisha vibanio vidogo kwenye kadi ya sauti ili isigombane na kadi ya mtandao kwa ajili ya mlango 5. Sasa 8259A ana tabia hii: mgeni akibisha kisha akaondoka kabla prosesa haijauliza ni nani, bawabu hawezi kujibu kuwa hakuna mtu. Lazima ataje namba, basi anataja 7. Kiendeshi kisichojua kitamhudumia mgeni wa mlango 7 ambaye hajafika. Kinachojua kitamuuliza bawabu swali la pili, kwamba ni nani hasa yumo ndani. Na ikiwa hodi hewa imetoka kwa bawabu wa pili, ambaye husingizia mlango 15, inabidi kumwambia wa kwanza kuwa umemaliza lakini wa pili usimwambie kitu, maana yeye hakumwingiza mtu. Katika msimbo wa Linux wa chipu hii waandishi wameacha onyo kwamba mnyama huyu ni dhaifu na mpangilio wa hatua usiguswe. Mhakiki akikutana na onyo kama hilo katika kiendeshi cha zamani, halafu akaona mtu amepanga upya hatua zilezile ili msimbo upendeze macho, ana haki ya kukataa bila maelezo marefu.

Kiini chenyewe kina kinga dhidi ya mlango uliopagawa. Huhesabu hodi, na katika kila 100,000 za mlango mmoja, kama 99,900 hazikupata wa kuzipokea, mlango huo hufungwa na ujumbe kuandikwa. Kinga hii hutegemea uaminifu. Kipokezi, yaani msimbo wa kifaa unaoitwa hodi inapofika, kikisema kila mara nimehudumia, hata pale kilipokuta hakuna kitu, kinakinyima kiini ushahidi, na mashine itazama katika dhoruba ya hodi bila hata mstari mmoja wa kuomba msaada. Nikisoma msimbo nikakuta jibu ni lilelile katika kila njia, hapo huwa sisogei mpaka nipate sababu.

Msomaji mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuyaona haya kwa macho yake. Fungua dirisha la amri, andika cat /proc/interrupts, bonyeza kitufe cha kuingiza. Utapata jedwali: kila mstari mlango, kila safu prosesa, na idadi ya hodi zilizopokelewa tangu mashine iwashwe. Andika tena baada ya sekunde kumi uone zipi zimepanda. Kwa kompyuta za aina ya Intel na AMD, karibu na mwisho upo mstari wa ERR, unaohesabu hodi hewa na makosa ya bawabu. Kwenye mashine ninayoandikia makala haya unasoma 0. Nakili namba zako kwenye karatasi, uziweke. Wiki ijayo tutahitaji kujua kwa nini prosesa moja imepokea hodi nyingi kuliko wenzake.